Umeongeza starehe kwenye haibridi, sasa gari linalalamika: tatizo liko wapi?

Magari mengi ya haibridi (yanayotumia injini ya petroli pamoja na mota ya umeme) yanayotembea Kampala, Mbarara au Gulu yametoka Japani yakiwa yameshatumika: Prius, Aqua, Axio, Fielder, Fit. Likishafika, mwenye gari huona mapungufu haraka. Redio inaongea Kijapani, siti za kitambaa zinashika vumbi, kamera ya nyuma hakuna, na tumbo la gari liko chini mno kwa mashimo yetu. Anaanza kuongeza kimoja kimoja, na ana haki. Mtu anayeshinda kwenye jamu ya Jinja Road kila jioni anastahili kukaa vizuri.

Shida huja wiki chache baadaye. Taa inawaka, gari linagoma asubuhi, feni inanguruma nyuma. Fundi wa kwanza anayeulizwa anajibu kwa uhakika: "Betri kubwa imekwisha." Jibu hilo hutolewa mapema mno, na linawagharimu watu pesa ambazo wangezilipia karo. Kabla hujakubali, jiulize: kitu gani kilifungwa kwenye gari hili muda mfupi kabla ya dalili kuanza? Kiandike, hata kama ni kava za siti tu. Anzia hapo.

Gari linagoma asubuhi, au dashibodi inawasha taa zote kwa pamoja

Haibridi ina betri mbili. Kubwa ndiyo inayosaidiana na injini kusukuma gari. Kwenye Prius ya kizazi cha tatu ni volti 201.6, kwenye Aqua ya kwanza ni volti 144. Ndogo ni ya volti 12 kama ya gari lolote, na kazi yake ni kuamsha kompyuta, taa, loki na redio. Ndogo hii haizungushi stata, kwa hiyo kiwandani huwekewa saizi ndogo kweli. Pia hakuna altaneta. Inachajiwa na kifaa kinachoshusha umeme wa betri kubwa, na kifaa hicho hufanya kazi pale tu neno READY limewaka kwenye dashibodi. Ukiacha gari kwenye ACC (redio ina umeme lakini gari halijawaka), au umebonyeza POWER bila kukanyaga breki, redio inakula betri ndogo na hakuna kinachorudishwa.

Betri ndogo ikichoka, kompyuta zinaanza kuona mambo yasiyokuwepo. Taa ya ABS (ya breki), taa ya injini, pembetatu nyekundu, ujumbe wa Kijapani kwenye skrini, vyote vinaweza kutoka kwa betri ambayo asubuhi ilikuwa na volti 11.5. (Ujumbe wa Kijapani upige picha kwa simu, programu ya kutafsiri itakusomea. Usibahatishe maana yake.)

Pima kwa multimeta (kipima umeme). Gari likiwa limelala usiku kucha, betri nzima husoma karibu volti 12.6. Ikisoma 12.2 imebaki nusu hivi. Chini ya 11.8 usishangae READY ikikataa kuja. Kisha washa gari mpaka READY na upime tena: unatakiwa kuona kati ya 13.5 na 14.5. Ukiona hivyo, uchajishaji ni mzima, na tatizo ni betri yenyewe au kuna kitu kinachoinyonya usiku. Ukiona bado 12 na kitu, tena inazidi kushuka, acha kutafuta kwenye redio. Mpelekee fundi anayejua haibridi.

Wanyonyaji wa usiku ninaowakuta sana ni watatu. Kwanza redio ya Android iliyopangwa isizime kabisa ili iwake haraka. Ingia kwenye mipangilio yake, tafuta muda wa kulala, uifanye izime moja kwa moja. Pili, kamera ya dashibodi iliyofungwa kwenye fyuzi yenye umeme saa zote. Piga hesabu: kamera inayovuta robo ampu kwa saa 24 imekula ampu-saa 6. Gari likikaa siku tatu bila kuendeshwa ni 18, na hiyo ni zaidi ya nusu ya betri ndogo ya Aqua hata ikiwa mpya. Ihamishie kwenye fyuzi ya ACC, au weka kifaa kinachokata umeme volti zikishuka. Tatu ni amplifaya ambayo waya wake wa kuamrisha umeunganishwa na umeme wa kudumu badala ya ule unaotoka kwenye redio. Iguse asubuhi kabla ya kuwasha gari. Ikiwa na joto, umempata.

Kama si hao watatu, pima mnyonyo wenyewe. Fungua buti au mlango unaohitaji, halafu sukuma ulimi wa loki kwa bisibisi mpaka gari lidhani limefungwa, funguo uiweke mbali. Toa waya wa upande hasi wa betri, weka multimeta katikati kwenye kipimo cha ampu 10, usubiri nusu saa kompyuta zilale. Chini ya miliampu 50 ni kawaida. Zaidi ya hapo, chomoa fyuzi moja moja mpaka namba ishuke. Usibonyeze POWER multimeta ikiwa hapo, utaunguza fyuzi yake.

Betri yenyewe ikiwa imekufa, nunua ya aina ileile. Kwenye Prius iko ndani ya buti, kwenye Aqua iko chini ya siti ya nyuma. Yaani mnakaa nayo chumba kimoja. Betri za kiwandani ni za kufungwa na zina kibomba kinachotoa hewa yake nje ya gari. Nimeona watu wakilazimisha betri ya kawaida ya maji kwa sababu ni rahisi kupatikana. Hiyo hutoa gesi ya hidrojeni inapochajiwa, na gesi hiyo hulipuka kwa cheche ndogo. Na kibomba kikiwa kimechomoka, kirudishe.

Jambo moja la wenye Prius: betri ndogo ikiisha kabisa, mlango wa buti haufunguki kwa sababu loki yake ni ya umeme, na gari halitoki kwenye gia ya P (ya kuegesha) hata mkilisukuma watu kumi. Usilivute kwa kamba. Fungua mlango wa dereva kwa ufunguo wa chuma uliofichwa ndani ya rimoti, fungua boneti, na ndani ya sanduku la fyuzi utakuta ncha ya kuunganishia kebo za betri ya msaada.

Redio mpya, matatizo mapya

Ukitoa waya wa betri kwenye gari lenye redio ya Kijapani ya kiwandani, redio nyingi hurudi zikidai kadi ya ramani. Ikiwa kadi ilipotea huko bandarini, redio imejifunga. Hii haina uhusiano wowote na haibridi, usikubali mtu akuambie kompyuta ya gari imeharibika.

Kushika stesheni ni jambo jingine. Redio za zamani za Japani huishia 90 kwenye FM, mpya zaidi hufika 95, na sisi tunatumia mpaka 108. Ndiyo maana redio ileile inaweza kukupa CBS kwenye 88.8 ikakunyima Simba kwenye 97.3. Kile kidude cha kupanua masafa kinasaidia, lakini huhamisha namba na mara nyingi huleta mkwaruzo. Nafikiri ni bora kubadilisha redio kuliko kuishi nacho.

Umebadilisha redio na bado inakwaruza, hata ukiwa katikati ya Kampala? Angalia waya wa antena. Antena fupi za Toyota zina kikuza mawimbi ndani yake, na kinahitaji volti 12. Redio mpya ina waya wa kukipa umeme, kwa kawaida wa buluu, na mafundi wengi huuacha umefungwa utepe tu. Uunganishe, dakika tano kazi imekwisha. Kelele ikija pale tu unapowasha taa za mbele, lawama ni ya balbu za LED za bei ya chini, siyo redio. Zizime, sikiliza, ziwashe, sikiliza.

Mluzi kwenye spika unaopanda ukikanyaga mafuta na kubadilika ukishika breki hutoka kwenye mfumo wa umeme mkubwa. Waya za sauti zimepitishwa karibu na kebo kubwa, au ethi ya amplifaya (waya unaoungwa kwenye bodi ya gari) imefungwa juu ya rangi badala ya bati tupu. Hamisha waya za sauti upande mwingine wa gari, kwaruza rangi chini ya skrubu ya ethi.

Feni inanguruma nyuma, na gari linapoteza nguvu mlimani

Hapa nataka tukae kidogo, maana ndipo watu wanapoibiwa zaidi.

Betri kubwa hupumua hewa ya ndani ya gari, ileile mnayopumua ninyi. Kwenye Prius na Aqua kuna tundu lenye vijiti vyembamba vya plastiki karibu na siti ya nyuma, pembeni au chini yake, na nyuma ya tundu hilo kuna feni. Kitabu cha gari kinaonya wazi lisizibwe. Lakini kava za siti zinazouzwa mjini zimeshonwa kwa ajili ya gari lolote, na mwenye kuzifunga hapendi kuona tundu likiharibu mwonekano wa kazi yake. Analifunika. Wengine wanaweka spika kubwa ya besi kwenye buti ya Prius mpaka hewa inakosa pa kutokea. Wengine hutandika shuka zito la kuzuia kelele hadi juu ya tundu.

Betri ikikosa hewa inapata joto. Feni inaongeza kasi mpaka unaisikia kama kikaushia nywele nyuma ya mgongo wako. Kisha kompyuta inapunguza umeme inaouruhusu, injini inafanya kazi zaidi, gari linazubaa kwenye mlima na mafuta yanakwenda. Ukiendelea hivyo kwa miezi, betri inazeeka kweli, na siku moja msimbo wa hitilafu P0A80, unaosema betri kubwa ibadilishwe, unatokea.

Dereva mmoja wa special hire (teksi ya kukodi) alikuja na Aqua akiwa ameshaambiwa bei ya betri nzima. Mama wa makamo, gari ndilo linalolisha nyumba. Nikamwuliza, "Mama, hizi kava ni za lini?" Akasema, "Za Krismasi, fundi. Nilitaka wateja wakae vizuri." Tulipokunja kava upande wa chini tukakuta tundu limefunikwa lote, na kwenye vile vijiti vyembamba kulikuwa na ukoko wa vumbi jekundu na nyuzi za kitambaa, mzito kiasi cha kubanduka kama ngozi. Tulikata kava mahali pa tundu, tukashona ukingo, tukasafisha feni. Kelele iliisha siku hiyohiyo, na gari likarudi kupanda kama zamani.

Kufyonza vumbi kwenye tundu kwa nje ni kazi unayoweza kufanya mwenyewe. Kufungua feni siyo, maana unaingia jirani na kebo za rangi ya chungwa. Fundi anayejua atatoa kwanza plagi ya usalama ya betri kubwa, atasubiri dakika 10 umeme uliobaki utoke, na atavaa glavu za mpira za umeme. Akianza kufungua bila hayo, mzuie.

Na kama kava ziko sawa lakini feni inanguruma mchana wa Arua au Moroto, fikiria unavyotumia AC. Ukifunga vioo bila AC, betri inapumua hewa ya moto. Ukistarehe wewe, inastarehe na yenyewe.

AC ilijazwa gesi, sasa gari linakataa READY

Kompresa ya AC kwenye haibridi za Toyota haizungushwi na mkanda. Inaendeshwa na umeme wa betri kubwa, na oili iliyomo ndani inazunguka pamoja na waya za mota. Kwa hiyo oili lazima isipitishe umeme. Inayotakiwa ni ile ya ND-11. Oili ya kawaida ya AC za magari, inayoitwa PAG, hupitisha umeme, na kiasi kidogo tu kilichobaki kwenye mipira ya mashine ya kujazia kinatosha kuleta balaa. Gari hugundua umeme mkubwa unavuja kwenda kwenye bodi, linaandika msimbo P0AA6, na ukilizima linaweza kukataa kuwaka tena.

Dalili hiyo ikija siku chache baada ya kujaza gesi, usiendelee kujaribu-jaribu. Mara nyingi kompresa hubadilishwa na mabomba kusafishwa, na hakuna njia ya mkato. Dawa ni kabla: mwulize fundi anatumia oili gani, na kama mashine yake inatumika pia kwa magari ya kawaida. Akijibu kwamba oili zote ni sawa, ondoka. Vidawa vya kuziba mivujo navyo usikubali.

AC ikiwa tu ni dhaifu, toa kwanza kichujio kilicho nyuma ya sanduku la dashibodi upande wa abiria. Vumbi la barabara zetu hulifanya gari jipya lionekane lina gesi pungufu.

Tena, kwenye jamu acha gia kwenye D au P, siyo N. Gari likiwa N, betri kubwa haichajiwi hata injini ikiwaka, na AC inaendelea kuila. Na kama unalala garini kwa ubaridi wa AC, usifanye hivyo ndani ya gereji iliyofungwa. Injini hujiwasha yenyewe betri ikipungua, na moshi wake unaua bila harufu ya kukuamsha.

Taa ya airbag iliwaka baada ya kushona siti za ngozi

Chini ya siti za mbele kuna plagi za njano. Fundi wa siti alizichomoa ili atoe siti, kisha mtu akawasha gari kabla hazijarudishwa. Kosa linabaki kwenye kumbukumbu hata plagi zikirudi, na lazima lifutwe kwa mashine. Ikiwa limefutwa na linarudi, plagi haijaingia hadi mwisho. Kabla ya kugusa chochote cha njano, toa upande hasi wa betri ndogo na usubiri zaidi ya sekunde 90.

Angalia pia ubavu wa siti upande wa mlango. Ukiona kibandiko cha SRS AIRBAG, mfuko wa hewa uko ndani ya siti yenyewe na hutokea kwa kupasua mshono. Ngozi nzito iliyoshonwa mara mbili hapo itauzuia siku unapouhitaji. Sina huruma na kazi hiyo hata kama ni nzuri namna gani, ifumuliwe.

Tundu la sigara limekufa

Lina kikomo cha wati 120. Pedi ya kupasha siti joto kwa wa Kabale kwenye baridi, chaja mbili na pampu ya tairi kwa pamoja zinakipita. Badilisha fyuzi kwa ampu ileile, usiweke kubwa zaidi.

Kamera ya nyuma imegeuza kulia kuwa kushoto

Kamera nyingi zina vitanzi viwili vidogo vya waya kwenye kebo, kimoja cha kugeuza picha, kingine cha mistari. Kata kile cha picha. Skrini ikiwa nyeusi kabisa, waya wa kutambua rivasi haujafika kwenye redio.

Gari limeinuliwa, mafuta yamepanda

Kuinua gari kwa spesa (vipande vya kuongeza kimo) juu ya springi kunasaidia kwenye mashimo, sibishi. Lakini ukisikia mlio wa ta-ta-ta ukikata kona, ekseli sasa ziko kwenye pembe ambayo jointi zake hazikuzoea; chungulia raba zake kama zimepasuka na kumwaga grisi. Taa ya ABS ikiwaka baada ya kuinua, tazama waya mwembamba unaokwenda kwenye gurudumu: umekazwa mno au umekatika. Taa za mbele nazo zishushwe, wanaokuja mbele yako hawaoni.

Kuhusu mafuta, piga hesabu kabla ya kulalamika. Aqua iliyotoka na tairi za 175/65R15, ukiifunga 195/65R15, gurudumu linaongezeka kipenyo kwa zaidi kidogo ya asilimia 4. Dashibodi inahesabu kilomita pungufu kwa kiwango hicho. Ikikuonyesha kilomita 20 kwa lita, umekwenda karibu 20.9. Kinachobaki ndicho upotevu wa kweli: uzito wa tairi, upepo pungufu, magurudumu ambayo hayakupangwa upya baada ya kuinua.

Umetoa vyote na dalili bado ipo

Sasa ndiyo zamu ya betri kubwa. Kifaa cha OBD2 (cha kusoma kompyuta ya gari) cha bluetooth na programu ya simu iliyotengenezwa kwa haibridi huonyesha volti za kila kundi la seli. Prius ya kizazi cha tatu ina makundi 14. Mtu mwingine aendeshe mlimani wewe ukiangalia. Yote yakishuka na kupanda pamoja, betri bado inafanya kazi yake, rudi kwenye orodha ya vilivyofungwa. Kundi moja likiporomoka peke yake huku mengine yamesimama, betri ina kasoro kweli, na fundi akuonyeshe namba hizo kabla hajafungua skrubu hata moja.